Wodi ya Walioteleza Bafuni

Shangazi yangu ni muuguzi, na kwa mdomo alionao wamembandika jina la Chiriku. Kazi yake ni chumba cha vitanda vinne, cha wanawake ambao mimba zimeharibika. Sheria ya kutoa mimba ilipokazwa, mkubwa wa hospitali akatangaza kwamba chumba kile hakina kazi tena. Mimba hazitolewi, alisema, kwa hiyo kiwe stoo. Mtu mzima huyo, na miwani yake, aliamini kabisa.

Vitanda havikupata nafasi ya kupoa. Kilichobadilika ni maelezo tu. Zamani mgonjwa alimnong'oneza Shangazi ukweli; sasa, kwa kuogopa jela, wote walikuwa wameteleza bafuni. Akateleza mwalimu, akateleza muuza mboga, akateleza hata mmoja ambaye kwao wanaogea uani kwenye beseni.

Siku ya kukabidhi chumba kiwe stoo, nami nikiwa nimemletea Shangazi chakula, wizara ikamleta mkaguzi. Akapita na mkubwa wa hospitali kitanda kwa kitanda akiuliza, na kila kitanda kikajibu bafuni. Mkaguzi, mtu mwema kupita kiasi, akasikitika.

"Dada, mafundi wa vigae wa mji huu ni wa namna gani?"

Shangazi akajifanya anakohoa.

"Nitaagiza mikeka ya mpira," mkaguzi akaahidi.

"Ilete, baba, hatukatai. Ila hawa hawakuteleza. Wamekwenda kwa watu wa uchochoroni."

Mkaguzi akashusha sauti. "Lakini sheria imekataza."

"Imekataza, na wamesikia. Ndiyo maana wanajificha."

"Nchi jirani wameilegeza. Huko si ndiyo wanatoa ovyo?"

"Mdogo wangu ni muuguzi huko. Tunasimuliana kila wiki. Wanatoa kama hapa tu, baba. Tofauti ni kwamba wao wanarudi nyumbani kwa miguu yao."

Mkaguzi akamtazama binti wa kitanda cha mwisho, aliyekuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Alikuwa bado na wino wa shule vidoleni. Hapo nilimpenda yule mzee, maana uso ulimbadilika na hakujaribu kuuficha.

"Huyu atapona?"

"Akipata damu leo. Amechelewa kuja kwa kuogopa polisi, na benki ya damu haina ya kundi lake."

"Kundi gani?"

Shangazi akamwambia. Mkaguzi akavua koti, akakunja mkono wa shati, akamwambia mkubwa wa hospitali amtafutie kiti atolewe damu, na kwamba chumba hiki hakifungwi.