Mkeka wa Nyuzi za Magunia

Leo nimeihamisha tena meza yangu. Asubuhi ilikuwa chumba cha mbele, wakaja wageni wa hooyo, mama yangu, na chai ikamwagika karibu na michoro. Nikaipeleka barazani, upepo ukaleta vumbi jekundu likatua juu ya rangi mbichi. Sasa iko stoo, kati ya mtungi wa gesi na masanduku ya nguo za Idi, nami bado sijaketi. Rafiki yangu, kama umewahi kusomea kazi ya mikono mbali na kwenu, kisha ukarudi nayo nyumbani, utanielewa. Nilisomea ubunifu wa vitambaa chuoni Nairobi. Huko kulikuwa na meza ndefu za kuchapia, na hakuna aliyekuuliza unafanya nini hapo tangu asubuhi. Hapa mtaani Waberi, kaskazini mashariki mwa Kenya, naulizwa hata na anayeleta maji kwa mkokoteni wa punda.

Humo stoo nikaona gunia tupu la mchele, mshono umefumuka. Nikavuta uzi mmoja, ukatoka mrefu, trrr, na sauti ile ikanirudisha utotoni.

Ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama, aliletwa kwetu kutoka Griftu baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Sijaona mtu aliyechukia kukaa bure kama yeye. Huko alikotoka, wanawake walitwanga magome ya miti wakatoa nyuzi, wakafuma mikeka ya kufunikia zile nyumba ambazo ngamia huzibeba watu wakihama. Mjini hapakuwa na magome wala ngamia, na hakuna aliyekuwa anahama. Basi akawa anazunguka ua. Anafagia palipofagiwa, anapanga upya sufuria, anafungua lango kuangalia barabara kana kwamba kuna mtu amemwita. Hooyo akimsihi apumzike, humjibu kwa Kisomali, "Wa kupumzika yuko kaburini."

Siku moja akafumua gunia. Tangu hapo kazi yangu, nikitoka madrasa, ikawa kupita madukani nikiomba magunia. Ya mchele yalitoa nyuzi nyeupe, ya sukari yalikuwa na mistari ya buluu, na vitunguu vilikuja katika nyavu nyekundu. Nilirudi nyumbani nikinuka vitunguu, nikaumwaga mzigo wangu miguuni pake, kisha nikapewa anjera, mkate laini kama chapati, yenye mafuta ya simsim na sukari. Yeye alinyoosha miguu, akakaza uzi kwa kidole gumba cha mguu, akafuma.

Ng'ambo ya ua wetu wa mabati alikaa mwalimu wangu wa darasa, mama wa Kikamba aliyetumwa huku kufundisha. Watoto wake walibaki kwao bara na baba yao. Jioni nyumba yake ilinukia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, yetu ilinukia chai ya iliki, na harufu hizo zilikutana juu ya mabati. Alikuwa na tabia ya kusuka kiondo, kikapu cha kwao, huku anatembea, mkonge ukining'inia begani. Alasiri moja ayeeyo alimwona, akamwita.

"Wewe mwalimu! Hii kamba unabata wabi?"

"Ni mkonge, nyanya. Nikienda nyumbani nitakuletea."

Alileta fungu kubwa. Basi wakaanza kuketi pamoja chini ya mwarobaini wetu, nami katikati kama mkalimani. Walibishana sana. Mwalimu alitaka kila ua la mapambo lihesabiwe kabla halijaanza, akanifundisha kulichora kwenye karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja. Ayeeyo aliitazama karatasi ile akacheka, akasema ua lake liko vidoleni. Lakini nikishachora, aliinama kuangalia.

Wakati huo habaryar, mdogo wa mwisho wa hooyo, alikuwa amechumbiwa na mtu wa Kutulo. Ayeeyo akaapa kwamba binti yake hataingia kwa mume na mkeka wa dukani. Wakaanzisha mmoja mkubwa, mkonge kwa chini, rangi za magunia kwa juu. Katikati palikuwa pa ayeeyo. Ukingo, pamoja na zile kona ngumu, ulikuwa wa mwalimu.

Kisha mambo yakaharibika. Kulikuwa na hofu mwaka ule, watu wa bara walikuwa wakishambuliwa njiani, na walimu waliotoka huko wakaanza kuondoka. Wa sayansi hakurudi kutoka likizo. Mwingine aliondoka bila kuaga. Watu wazima walinong'ona, wakatunyamazia tulipokaribia. Mwalimu wangu alivumilia kuliko wengi, lakini jioni moja alikuja langoni badala ya kuita juu ya mabati.

"Nyanya, kesho naondoka. Basi la asubuhi."

Ayeeyo hakumtazama. "Na hii ukingo?"

Asubuhi alipokuja kuaga na mabegi yake, alimkuta ayeeyo juu ya mkeka, yuko pale tangu sala ya alfajiri, anapigana na kona iliyojikunja kama jani kavu. Mwalimu alitazama saa. Akatua mabegi, akakunja sketi, akaketi.

"Kona moja tu," alisema.

Kona ikazaa nyingine. Honi ya basi ikalia barabarani, ndefu. Hooyo akatoka jikoni mbio. "Mwalimu, basi!"

"Nimelisikia," akasema, na mikono yake haikusimama.

Mimi nilikuwa nazunguka kati ya lango na mwarobaini, sijui nimvute mkono au nimshikie uzi. Nilijua kwamba basi lile lilisindikizwa na askari. Simu ikalia ndani ya begi, ikanyamaza, ikalia tena. Alipoipokea aliongea Kikamba na mumewe, kwanza kwa ukali, halafu polepole sana. Hooyo akafunga lango kwa komeo, akaongeza mchele kwenye sufuria. Ayeeyo akasema, "Leo wewe mgeni yangu. Mtu nagusa wewe, nagusa mimi kwanza."

Walimaliza kabla ya adhana ya alasiri. Ukingo ulilala sawasawa pande zote. Ayeeyo aliupitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho. "Fizuri," akasema. Kisha akaongea Kisomali kwa muda mrefu, akanisukuma nitafsiri. Alikuwa anamwombea Mungu amfikishe kwa watoto wake. Nilianza, "Anakuombea..." Mwalimu akanishika bega akasema, "Acha, nimeelewa."

Kesho yake aliondoka salama. Mkeka ulipanda lori kwenda Kutulo na bibi arusi. Darasa letu lilikaa bila mwalimu kwa muda mrefu, nami nilishinda nikichora miraba. Namba ya simu ya mwalimu ilikuja kukatika, na ayeeyo alifariki nikiwa chuoni. Mwaka huohuo chuoni tuliambiwa kila mmoja alete kazi ya mikono ya kwao. Nikampigia habaryar. Akacheka, akaniambia mkeka ulilaliwa na watoto wake wote mpaka ukachanika, mabaki wakayafunikia ndama. Nikauchora kwa kumbukumbu. Wakufunzi wangu waliusifu. Mimi nilijua kona zilikuwa za uongo.

Mikeka huchakaa, hilo sililii. Kinachoninyima utulivu ni kwamba sijui leo ningemketisha nani kando yangu. Kazi ya peke yako ndani ya nyumba yenye watu wengi ina upweke wake. Mabati yale yaling'olewa zamani, pakajengwa ukuta wa mawe. Nimemuuliza hooyo siku hizi ng'ambo anakaa nani. Amefikiri kidogo, kisha akasema hajui, maana ukuta ni mrefu.