Namba ya Mama Valence Si Feki

Saa tatu asubuhi, ndani ya stesheneri moja karibu na stendi ya Babati, Anjela Theodory anaingiza namba ya simu ya mteja wake kwa mara ya tatu. Kwa mara ya tatu maneno mekundu yanatokea kwenye kioo: "Namba hii si sahihi, ndugu. Andika namba yako ya kweli."

Anjela, mwenye miaka 34, anaacha kibodi. Maneno hayo anayafahamu. Aliyaandika mwenyewe.

Mteja ni Philomena, mkulima wa Mutuka ambaye wengi humwita Mama Valence. Anataka kujisajili kwenye mradi wa mbegu za mahindi, na usajili unafungwa leo jioni. Namba yake inaanza na 06. Ameitumia miaka tisa.

"Kwenye ofisi ya mradi waliniambia mfumo umekataa," anasema. "Nikauliza, huyo mfumo ni nani nikaongee naye? Wakacheka."

Awamu ya kwanza ya usajili walimwambia aazime namba ya mtu. Akatoa ya mwanawe Valence, mchimbaji wa Mererani. Ujumbe wa kuchukulia mbegu ulifika Valence akiwa shimoni, simu imezimwa. Siku mbili zikapita, mfuko wake wa mbegu akapewa mtu mwingine.

Mbali na kazi ya stesheneri, Anjela anatengeneza tovuti za maduka na nyumba za wageni. Tangu 2016 amekuwa akiweka mtandaoni, bure, vipande vya msimbo, yaani maandishi yanayoendesha tovuti, vilivyo tayari pamoja na maelekezo ya kuvitumia, ili mwenzake asianze na sifuri. Kimojawapo hukagua namba za simu. Alipokiandika alikubali 07 tu, kwa sababu karibu kila mtu aliyekuwa kwenye simu yake alikuwa na 07.

"Uzembe," anasema. "Sina jina lingine."

Mwaka 2019 alitoa toleo jipya lenye 06. La zamani aliliacha hewani, asiwavurugie waliokuwa wakilitumia.

Anampigia Rogath, fundi aliyetengeneza mfumo wa mradi, na kuweka sauti ya nje.

"Dada, si kipande chako hicho?" Rogath anajibu.

"Ni changu. Mstari wa kwanza wa maelekezo unasema jaribu namba za mitandao yote. Ulijaribu?"

"Nilijaribu yangu, ikakubali."

"Na malalamiko hamkupata?"

"Yalikuja, kama mia mbili hivi. Tukajua ni wazee tu, hawajui kuandika namba."

Mama Valence anageuza uso na kutazama nje. Anjela anapiga meza kwa kiganja, kalamu zinaruka.

"Mia mbili, Rogath! Hukumuuliza hata mmoja anaandika namba gani?"

"Ngoja niongee na bosi Jumatatu."

"Inafungwa leo!" Anakata.

Anaufungua mfumo wa mradi na kuuchunguza, kisha anaguna. Rogath hakunakili kipande. Alikiunganisha tu, kwa hiyo kila fomu inapofunguliwa inalivuta toleo la zamani kutoka kwenye ukurasa wa Anjela. Anaingia kwenye ukurasa wake, anarekebisha mstari mmoja, anahifadhi. Dakika nne. Msimu wa watu mia mbili ulikuwa umekwama kwenye kazi ya dakika nne, na waliokuwa na uwezo wa kuifanya walikuwa wanacheka.

Namba ya Mama Valence inakubaliwa.

"Asante mwanangu," anasema, lakini hatabasamu. "Huu mfuko watautoa mwezi ujao. Mahindi ya wenzangu yamefika magotini. Mimi nitapanda nivune lini?"

Anjela anachukua daftari na kuandika jina la Philomena juu kabisa.

Wengine je? Mfumo hauhifadhi waliokataliwa. Hakuna orodha yao popote. Kwa hiyo Jumamosi atapanda bodaboda na Mama Valence, wazunguke Mutuka nyumba kwa nyumba wakiandika majina. Jumatatu atayapeleka ofisi ya mradi na kudai mbegu za awamu ya kwanza, au fidia ya msimu.

"Nitaanza na kosa langu, kwa jina langu, mbele ya hao wakulima," anasema. "Nikimaliza nitakaa kwenye kiti nisubiri wao waseme la kwao. Sitoki mpaka waseme."