Wageni wa Angwenyi

Persis alikuwa na ulimi mwepesi na vidole vyepesi zaidi, na ni vidole hivyo vilivyomwingiza katika mambo haya. Mwaka wa 1998 alikuwa akipiga chapa katika duka la Mzee Prakash, Kisii mjini, duka la vinyago vya mawe. Mawe yenyewe huchimbwa Tabaka, kwao Persis, naye alikua akiyasugua kwa msasa ndani ya beseni la maji kama wasichana wengine wa kule. Kisha akaolewa na Walter Onsongo, karani wa kiwanda cha chai, huko Kebirigo upande wa Nyamira. Wakapata mtoto wa kiume, Angwenyi, mweupe kama ndizi iliyomenywa. Watu walimsifu kwa weupe huo, na sifa zenyewe ndizo zilizomtia nyanya yake hofu.

Kwa Wakisii, mtoto mweupe haachwi aonwe ovyo. Kuna watu wenye jicho. Mtu wa namna hiyo akimtazama mtoto, akamsifu, akaenda zake, basi vitu vidogo vidogo vya ardhini, punje ya wimbi, unywele, takataka, vinamng'ang'ania mtoto kwenye ngozi na kupenya ndani, na visipotolewa mapema vinammaliza. Wenyewe wanaiita ebibiriria. Cheka ukitaka. Persis naye alicheka, Msabato aliyemaliza kidato cha nne, atababaishwaje na hadithi za wazee? Lakini mama mkwe wake, Gesare, alikuwa amezika mtoto mmoja wa tumbo lake kwa ugonjwa huo, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake. Gesare ndiye aliyebaki na Angwenyi mchana Persis akiwa kazini, na mgeni akipiga hodi, mtoto aliingizwa chumba cha ndani kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa, Mzee Prakash alikuwa na binti, Janki, aliyezaliwa Kisii na kuongea Kikisii vizuri kuliko watu wengine wenye jina la Kikisii. Alikwenda kusoma Uingereza, akarudi na kompyuta, skana na modemu, akavipanga chumba cha juu ya duka. Modemu ilipiga simu hadi Kisumu, ikakoroma na kupiga mbinja, na kama mbingu haikunyesha na waya haukuibwa, ulikuwa umeingia kwenye mtandao. Janki alitaka vinyago vya baba yake viwe na ukurasa wao huko, ili mnunuzi wa ng'ambo avione bila kupanda ndege. Akatafuta wa kumsaidia. Akaona vidole vya Persis.

Tusidanganyane, kazi hiyo haikuwa mchezo. Kulikuwa na kitabu kimoja kinene, Kiingereza cha kuvunja meno, na kompyuta ambayo stima ikipotea inasahau kila ulichoifundisha tangu asubuhi. Persis aliandika alama zenye mabano makali, zinazoiambia kompyuta namna ya kupanga ukurasa, akafungua ukurasa, akakuta maandishi yote yamenenepa toka juu hadi chini kwa kuwa alisahau kufunga alama moja. Akaweka picha ya kiboko wa mawe. Kwake ikaonekana vizuri sana. Alipoipeleka mtandaoni, mahali pa kiboko pakakaa kisanduku kitupu chenye msalaba mwekundu. Janki alicheka.

"Umeiambia itafute picha humu ndani ya kompyuta hii, kabatini kwako," akasema. "Mtu wa Marekani atafika vipi kabatini kwako, Persis?"

"Basi nimpelekee kabati lote?"

"Mpelekee picha. Sikiliza, vya baba usiviguse kwanza. Tengeneza ukurasa wako mwenyewe, weka picha unayoipenda, ukosee humo mpaka mkono uzoee."

Picha aliyokuwa nayo mkobani ilikuwa moja tu. Angwenyi amekalishwa kwenye kiti cha sofa, hana shati, anamcheka mpiga picha.

Siku ile picha ilipokubali kutokea, Persis alipiga makofi peke yake. Chini yake Janki akamwonyesha namna ya kuweka kijisanduku cha tarakimu, kaunta, kinachohesabu wageni. Juu yake Persis akaandika kwa Kiingereza kwamba wewe ni mgeni wa ngapi, karibu. Asubuhi yake akafungua, tarakimu ikawa imepanda. Akafungua tena mchana kurekebisha rangi, imepanda. Uso ukamjaa raha. Kumbe kuna watu! Huko mbali, wasiojua Kebirigo iko wapi, wamekuja kumwona mwanawe. Ikawa desturi. Hajavua koti, anakwenda kutazama wageni wa Angwenyi, na jioni kabla ya kufunga anawatazama tena. Ilipovuka mia mbili alichapa ukurasa kwa printa ya rangi, akaukunja vizuri, akaupeleka nyumbani.

Laiti angeuacha dukani.

Gesare hakujua kusoma, lakini sura aliijua. Aliishika karatasi mbali na uso, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Huyu ni Angwenyi," akasema. "Nani mwingine anayo?"

Walter, aliyekuwa anajivunia mke wake, akajibu kabla hajaulizwa. "Dunia nzima, mama. Mtu akiwa Japani anamwona. Hata sasa hivi tukiongea kuna mtu anamwona."

"Na hizi?" Kidole cha Gesare kilikuwa juu ya tarakimu.

"Ndio hao waliomwona," akasema Persis, na sauti yake ikapungua katikati ya sentensi.

Gesare hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alimrudishia karatasi, akamwinua mtoto kutoka mkekani, akaenda kukaa naye jikoni mpaka chakula kikaiva, kikaliwa, vyombo vikaoshwa.

Wiki hiyo hiyo Angwenyi akatoka upele. Ulianza shingoni, ukashuka kifuani, vijipu vidogo vigumu ambavyo ukivipitishia kidole unahisi kama punje chini ya ngozi. Kwenye zahanati walisema ni upele wa joto, wakatoa krimu. Krimu ikapakwa, upele ukaenda mgongoni. Mtoto akawa analia akishikwa na analia akiachwa. Gesare akamwita mwanamke mmoja kutoka Birongo anayejua mambo hayo, naye akamsugua mtoto kwa samli polepole, tumbo na mgongo, kisha akafungua kiganja. Palikuwa na punje mbili tatu za wimbi na kitu kama uzi. Persis alijiambia kwamba mwanamke yule alikuja nazo. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alijiamini kidogo kuliko mara iliyopita.

"Nimetoa zilizopo," mwanamke akasema. "Lakini macho yakiwa bado yako juu yake, zitaingia nyingine. Nitasugua mpaka lini?"

"Umesikia," Gesare akamwambia Persis. "Kaitoe hiyo picha. Uwafungie mlango."

Usilolijua ni usiku wa giza. Persis alijua kuweka picha. Kuitoa hakuwa amewahi, na Janki alikuwa amekwenda Kisumu kwa jamaa zao kwa sikukuu ya Diwali. Na mvua za vuli zilikuwa zimefika. Alipoinua simu, ilikuwa kimya, haina hata mlio. Nguzo imeanguka Suneka, walisema. Wengine wakasema waya umeibwa. Akashinda pale akiinua na kushusha simu huku vinyago vikisubiri orodha yao ya bei, na Mzee Prakash, ambaye si mtu wa maneno, alipanda ngazi, akamtazama, akashuka.

Nyumbani upele ulikuwa umeanza kutoa maji. Persis alikuwa hawezi tena kukutana na mtu barabarani bila kuyatazama macho yake.

Simu ilipofufuka, modemu ikapiga mbinja zake, Persis akaingia na kuifuta picha. Akatazama orodha, akahakikisha jina la picha halipo tena. Kisha akafungua ukurasa ili amhakikishie mama mkwe.

Angwenyi akamcheka, hana shati. Na tarakimu chini yake ilikuwa imeongezeka moja.

Akafuta kila kilichokuwepo. Akafungua. Yupo, na ameongezewa mgeni. Akazima kompyuta, akaiwasha, akafungua. Yupo. Kila akijaribu kuwafungia nje, mmoja zaidi alikuwa ndani. Persis alianza kulia, na hakulia kwa sababu ya kompyuta. Mtoto wake alikuwa anatazamwa na watu asiowajua, na yeye ndiye aliyewaita, tena kwa Kiingereza, karibu. Alisali kwa sauti katika chumba kile. Akarudi Kebirigo akadanganya kwamba simu bado mbovu.

Janki aliporudi alimkuta Persis ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, macho yamevimba. Akasikiliza kisa chote bila kukatiza. Hakucheka, kwao pia watoto hupakwa wanja kwenye paji la uso, na anajua ni kwa nini. Akawasha, akaingia mahali ambapo Persis hakuwahi kufika, akabonyeza. Akafungua ukurasa. Weupe mtupu.

"Ulikuwa umeshaitoa," akasema. "Kompyuta hii ilikuwa imejiwekea nakala yake, ndiyo iliyokuwa ikikuonyesha. Huko nje picha haikuwepo tangu siku ile."

"Na wale watu? Tarakimu ilikuwa inapanda."

"Watu gani?" Janki alimgeukia. "Persis, anwani hiyo uliwahi kumpa nani?"

Persis akafikiri. Hakuwa amempa mtu. Nani Kebirigo angeifanyia nini?

"Basi nani angejua ukurasa uko pale? Kaunta haijui mtu. Ukurasa ukifunguliwa inaongeza moja. Ukiufungua wewe, inakuhesabu wewe. Ukirudia, inakuhesabu tena. Hao mia mbili na zaidi ni wewe, asubuhi, jioni, na kila ulipourekebisha. Mwanao hajaonwa na mtu. Nenda ukamwambie mama yako alale."

Persis alimkumbatia, jambo ambalo hakuna mfanyakazi wa duka lile aliyewahi kulifanya. Akashuka ngazi akijiona mwepesi. Mvua ilikuwa imekatika, na hata matope ya stendi hayakumkera. Walikosea wale waliosema mitambo ina siri. Haina siri, ina ujinga wa mwenye kuitumia, na ujinga unatibika.

Alimsimulia Walter wakiwa bado mlangoni. Walter akacheka mpaka akashika ukuta, cheko la mtu aliyekuwa ameshikwa roho kwa siku nyingi. Akaingia sebuleni, ambako mama yake alikuwa amempakata mtoto, akamweleza kila kitu kwa Kikisii kizuri, hatua kwa hatua, kama anavyowaeleza wakulima kwa nini chai yao imekataliwa.

"Kwa hiyo hakuna mgeni aliyemwona," Gesare akasema.

"Hata mmoja, mama."

"Hesabu yote ile ni mtu mmoja."

"Mtu mmoja. Mama yake tu."

Walter alikuwa bado anatabasamu. Persis ndiye aliyewahi kuelewa. Aliona mkono wa mama mkwe wake ukipanda polepole kutoka mgongoni mwa mtoto, ukakaa juu ya kichwa chake, ukamgeuza uso kifuani kwake.

"Mama, mimi ndiye niliyemzaa," akasema.

"Najua, mwanangu. Sikulaumu." Sauti ya Gesare ilikuwa ya upole, upole ambao hakuwahi kumpa tangu aolewe. "Mwenye jicho hajui kwamba analo. Hakulinunua. Anampenda mtoto, anamtazama, basi. Yule wangu niliyemzika, alikuwa akitazamwa na dada yangu mwenyewe, na hakuna aliyempenda zaidi." Akamfunika mtoto vizuri. "Utamnyonyesha. Maziwa hayana kosa. Lakini nitakuletea mimi na nitamchukua mimi, na wewe utatazama ukutani."

Persis alimgeukia mumewe. Walter alikuwa amesoma kuliko yeye. Alisema kanisani mara ngapi kwamba mambo hayo ni giza la zamani. Walter akatazama kikombe chake cha chai.

Na ulimi wa Persis, ule mwepesi? Haukupata neno. Kwa sababu alikuwa amemkumbuka Mong'ina. Alikuwa mdogo wake, kule Tabaka, ambaye yeye aliachiwa amlee wakati mama yao akiwa machimboni, naye Persis mwenyewe akiwa bado wa kucheza kamba. Alikuwa akimkalisha kivulini na kumtazama tu, kutwa, kwa jinsi alivyokuwa mzuri. Mong'ina alikufa kabla hajatambaa. Walisema ni kifua. Hakuna aliyemwambia neno wakati huo, na sasa ndipo alipojiuliza kama walinyamaza kwa huruma.

Alijipa moyo kwamba upele utaendelea. Hebu fikiria mama anayetamani hivyo, ugonjwa wa mwanawe uendelee kidogo, siku chache tu, ili ijulikane si yeye. Akanyonyesha akitazama ukutani, na kila Gesare alipomchukua mtoto, Persis aliuliza, "Vipi leo?"

"Umekauka shingoni," Gesare akasema.

Kisha ukakauka kifuani. Kisha mgongoni, ngozi ikarudi laini, mtoto akaanza kulala vizuri na kunenepa. Nyumba ikafurahi. Wakachinja kuku. Walter, aliyekuwa ameahidi chumbani kwamba atazungumza na mama mambo yakitulia, alimwambia mkewe bila kumtazama kwamba kwa kuwa mtoto amepona, si vibaya waendelee hivi hivi kwa muda.

Jioni hiyo Gesare alimleta Angwenyi. Alinyonya haraka, akashiba, kisha akafanya wanavyofanya watoto wa umri wake. Akaliachia ziwa, akaunyoosha mkono, akashika kidevu cha mama yake na kukivuta chini amwone. Persis akakaza shingo. Mtoto akavuta tena, akacheka, akidhani ni mchezo.

"Mama," Persis akasema, macho ukutani, "njoo umchukue."