Mjane Amenitangulia Kumwambia Mume Wangu Aikatae Ile Valvu

Wapenzi wasomaji, jina langu lifichwe, maana Malaba ni ndogo na mama mkwe husomewa ukurasa huu kila unapotoka. Nina miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, na nimeolewa juzi juzi tu. Jamani, mume wangu! Nikisikia kengele ya baiskeli yake kule relini, moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Ni fundi wa mabomba ya mvuke katika kiwanda kimoja ng'ambo ya mpaka. Mikono yake imejaa makovu ya moto, nami huyabusu moja moja.

Lakini kila Jumapili baada ya kanisa huenda Adungosi kwa mjane wa binamu yake. Binamu huyo ndiye aliyekuwa fundi kabla yake, akauawa na mvuke valvu ilipopasuka. Kwa desturi, mume wangu ndiye wa kumrithi mjane. Yeye hucheka: "Mke ninaye mmoja, ananitosha mpaka kaburini." Mimi sicheki. Yule mama ni mrembo hata akiwa na jembe begani.

Jumapili iliyopita nilimfuata kwa basi. Niliwakuta wamechuchumaa mlangoni, vichwa karibu vigusane, wakitazama kipande cha ile valvu. Mjane hukitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

"Karibu, mke mwenzangu!" akanitania. Nilitamani ardhi inimeze.

Mume wangu akanionyesha ufa. Akasema hicho ni chuma cha kawaida. Kikikaa miaka kwenye mvuke mkali kama wa kwao, huchoka ndani kwa ndani huku nje kikionekana kizima. Sasa kiwanda kinahitaji valvu mpya, na inayofaa pale ni ya chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kikachanganywa na kromiamu, ili kisiliwe na joto, na molibdeni, ili kisilegee. Lakini hiyo itachukua miezi kufika kwa meli, na ya kawaida iko stoo. Meneja amemwambia achague. Akikataa ya stoo, atafute kazi kwingine.

"Shemeji, kataa," mjane akasema. "Ukifukuzwa utalima. Mwenzako hakulima tena."

Mume wangu akamtazama kwa macho niliyodhani ni yangu peke yangu. "Nimesikia, shemeji."

Wapenzi, maneno yale yalikuwa yangu! Ningeyasema mimi, kama angeniuliza. Kwa nini alimpelekea yeye shauri hilo kwanza? Tuliporudi nilikaa nyuma ya baiskeli bila kumshika kiuno. Tulipofika nyumbani, kwa wivu tu, nikamwambia, "Chukua ya stoo. Unaongozwa na wanawake wa watu?"

Asubuhi, akifunga kamba za viatu, akasema, "Basi, mpenzi. Nitachukua ya stoo. Nyumba hii ni yako."

Nilifurahi! Nilifurahi mpaka alipopotea kule relini, ndipo nikakumbuka ni nani atakayesimama chini ya valvu hiyo kila siku akiifungua. Nikimwambia sasa akatae, yule mama ameshinda, na mume wangu asiye na kazi atakuwa na wiki nzima ya kwenda Adungosi. Nikinyamaza, ni wangu, kila jioni, hadi chuma kichoke.

Dada zangu, nitayamezaje maneno yangu mbele ya mwanamke yule? Nishaurini, nifanye nini? Valvu itawekwa kwenye bomba mwisho wa mwezi, na leo tena amenibusu akienda kazini.