Diwani Wetu Aliyecheza na Ndoo Tupu

Siamini bado. Si kwamba Shabani amekufa, kufa tutakufa wote. Siamini kwamba amenyamaza.

Ndugu zangu wa humu, tangu juzi mmejaza picha zake, mishumaa, maua, "RIP legend", "jembe letu limelala". Jembe gani, lililima wapi? Mimi ni Msukuma, yeye Msagara. Ni mtani wangu, na msiba wa mtani hauendi bila kusemwa. Atakayekasirika apite tu.

Alianguka kwenye harusi ya watu kule Kidodi. Presha, maiki mkononi. Hata bwana harusi alikuwa hajapata nafasi ya kusema neno.

Tulianza kazi pamoja kwenye gesti moja hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Yeye mapokezi, mimi jikoni.

Dereva wa lori anafika amechoka, bafuni hakuna maji, feni imekufa. Anashuka mapokezi amevimba, anataka arudishiwe hela yake. Shabani anamwuliza habari za mama yake. Baada ya muda unamsikia dereva anacheka, anasimulia, kisha anarudi chumbani kulala na jasho lake. Asubuhi anaaga kwa kumkumbatia Shabani.

Nilikuwa namuuliza, sasa maji je? Ananijibu, "Mtani, mtu ukimsikiliza vizuri, kiu inaisha yenyewe."

Basi akagombea udiwani kwa akili hiyohiyo.

Mpinzani wake alikuwa Mama Tekla, nesi mstaafu. Alisimama mkutanoni akaeleza pampu ya kisima chetu imekufa kwa sababu gani na nani abanwe ili itengenezwe. Watu wakapiga miayo. Mmoja nyuma yangu akasema huyu mama hana mvuto, utadhani anatugawia dozi.

Akapanda Shabani. Pampu hakuitaja. Alimwona bibi mmoja amesimama pembeni na ndoo, akashuka jukwaani, akapiga magoti kwenye vumbi, shikamoo bibi. Akaitwaa ile ndoo, akajitwika, muziki ukafunguliwa, akacheza uwanja mzima. Mayowe mpaka stendi!

Watu wakasifu kwamba hata tone halikumwagika. Lingemwagika kutoka wapi? Ndoo ilikuwa tupu, na bibi wa watu alirudi nayo tupu nyumbani.

Wazee wa Kisagara aliwaamkia kwa lugha yao. Wajomba zangu wafugaji akawaamkia kwa Kisukuma cha maneno mawili, tena nilimfundisha mimi jikoni. Wajomba wakatokwa machozi. Ng'ombe wao wanakunywa tope mpaka leo.

Akashinda kwa kishindo.

Miaka yote ya udiwani wake maji hatukuyaona. Tulimwona Shabani. Msibani yupo, harusini yupo, kila mtoto anamjua kwa jina. Ukienda ofisini kwake na hasira zako unatoka umesahau ulichofuata. Mimi nilikwenda na ndoo kumwonyesha ilivyokauka. Nilitoka nacheka, na ndoo nikaisahau hukohuko.

Sasa ikafika siku ya kumzika. Mwili uko ndani, waoshaji wako tayari, likafunguliwa bomba la uani kwa mheshimiwa. Likatoa upepo.

Mwanaidi, mkewe, akakaa chini. "Dada Milembe, nitamzika mume wangu hajaoshwa?" Hapo utani ulinitoka kabisa, ndugu zangu.

Mbele kwenye viti walikuwa wamejipanga waheshimiwa kutoka Kilosa, suti na miwani, kila mmoja na hotuba yake mfukoni. Wengine walishaanza kuwatabasamia watu, maana kiti cha udiwani kiko wazi.

Nikakimbia gesti, nikajaza ndoo kwenye simtanki la bosi wetu wa zamani. Nikarudi nayo, nikaiweka mlangoni, nikakaa mbele yake, haipiti. Mtani akizuia jambo msibani lazima akombolewe, na hakuna wa kumkasirikia. Wale mabwana wakachomoa noti.

Nikazikataa. Nikawaambia, "Sitaki hela. Kila mwenye suti achukue ndoo, akachote maji gesti, aje nayo kichwani. Na mcheze."

Walichota, jamani. Jua la mchana, maji yanawachuruzika mpaka kwenye tai, maana safari hii ndoo zilikuwa zimejaa. Msiba mzima ulicheka, hata Mwanaidi alicheka kidogo. Shabani akaoshwa vizuri, akasaliwa, akazikwa.

Mama Tekla naye alikuwa kwenye ule mstari. Hakuambiwa na mtu. Alikwenda akarudi, akaenda tena, kimya kimya, na hakuna aliyemtazama.

Tulipotoka makaburini wazee wakanivuta pembeni. Nikawaamkia, nikajua leo wameona wenyewe, tutaongea habari za pampu. Mkubwa wao akasema, "Milembe, uchaguzi mdogo unakuja. Gombea wewe. Una mvuto kama marehemu."

Nikawaonyesha Mama Tekla, khanga imemlowa mgongo mzima. Wakamtazama kwa adabu, kisha wakanigeukia mimi. Yule hajui kuchekesha, wakasema.

Nikawaambia sawa, jukwaani nitapanda. Nitapiga magoti, nitacheza na ndoo, nitawachekesha mpaka mbavu ziwaume. Ila kura zenu mtampa yule mama.

Wakacheka sana, wakanipiga mabegani. Walidhani ni utani.

Shabani, nina hasira na wewe, na nimekumiss mpaka nashindwa kula. Tapeli mkubwa wewe. Hakuna atakayeniuliza tena habari za mama yangu kama ulivyokuwa ukiuliza, na mama alikufa kabla hujawa diwani, ulikuwa unajua, na bado uliuliza.

Ile ndoo yangu Mwanaidi amenirudishia. Ilikuwa chini ya meza yako muda wote huo.

Lala salama, mtani. Mimi naamka kwenda kuchota maji.