Barua Saba za Katekista

Bertilla hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Kijijini walisema ulimi wake mkali kuliko pombe yake ya ulezi, na pombe yenyewe haikuwa ya mchezo. Mumewe, Adolfu, aliviweza vyote viwili mpaka malaria ilipomwondoa, mtoto wao Basil akiwa bado anatambaa. Kabla ya kukata roho aliomba jambo moja tu: mtoto asikue bila kumjua baba yake.

Basi kila Basil alipotimiza mwaka, Bertilla alijitwika kibuyu cha pombe mpaka kwa katekista Wilibrodi, maana yeye mwenyewe hakujua herufi hata moja. Alisimulia habari za Adolfu, Wilibrodi akaandika, kibuyu kikarudi kitupu. Barua ziliwekwa kwenye kopo zimngoje mtoto akue. Zikafika saba.

Ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, na juu yake kisomo cha watu wazima. Bertilla alikwenda amenuna. Nani ana muda wa a, e, i, o, u na ulezi haujapaliliwa? Lakini kichwa chake hakikuwa boga. Kufikia mwaka sabini na tano alisoma mpaka maandishi ya magunia ya mbolea. Ndipo akafungua lile kopo.

Yesu na Maria! Zote saba zilikuwa mahubiri. Adolfu, bingwa wa kukoroma kanisani, humo alikuwa mcha Mungu, pombe haijui, rozari haimtoki mkononi. Bertilla alishikwa na hasira, kisha na woga. Angekufa juzi, mwanawe angerithi baba wa kuazima.

Akamfuata Wilibrodi nyumbani kwake. Katekista akajikuna kichwa.

"Mama Basil, yale uliyosema hayaandikiki."

"Na pombe yangu? Mbona ilinyweka?"



Siku Basil alipotimiza miaka minane, Bertilla aliwasha moto wa kupikia pombe kwa barua zile saba, kisha akaketi na kalamu, jasho likimtoka kuliko shambani. Alicheka, akalia, akafuta, na mpaka jua linaelekea kuzama alikuwa na mistari michache tu:

"Basil, baba yako alikuwa mlevi na kanisani alikoroma. Uchungu wako uliponishika alikimbia kumwita mkunga akiwa amejifunga kanga yangu, suruali hakuiona. Watu wanamcheka mpaka leo. Alipokupakata, alilia kukushinda wewe."