Kompyuta Iliyofundishwa Kusalimia

Juzi, nilipokuwa nikingoja simu yangu kwenye duka la kuchaji simu pale mtaa wa Katindo, msichana anayejifunza kuandika programu za kompyuta alimwonyesha mama yake kazi yake ya kwanza. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno: «Jambo mama.» Basi.

Mama akakunja mikono. «Inasalimia na kunyamaza? Haiulizi hata habari ya nyumba?»

Binti akaongeza swali hilo.

«Na kama niko mugonjwa?»

Hapo ikabidi ajifunze kuifanya kompyuta ichague jibu. Mama akaandika kwa kidole kimoja: mugonjwa. Kompyuta ikajibu: «Pole sana, mama.»

Mama akavuta kiti. «Sasa tunaweza kuzungumuza.»

Nikachukua simu yangu, nikaondoka kuelekea ofisi moja ya mtaa wa Himbi. Karani, bila kuinua macho, akaniita: «Mwengine!»

Huyo hata ile programu ya kwanza ya binti hajaifikia.